Kuomba Kazi ya Umeme Wakati wa Vita

Tangazo nililisikia redioni jioni moja, mara tu baada ya taarifa za vita. Ofisi ya serikali iliyoshughulikia mipango ya umeme ilitaka mtafiti mchanganuzi, mtu wa kidato cha sita aliyesoma uchumi na hesabu, wa kusaidia kuamua umeme upelekwe wapi, uuzwe kwa nani na kwa bei gani. Usaili ungefanyika Mwanza. Kila mwombaji aje na ripoti fupi ya kijiji kimoja alichokichunguza mwenyewe.

Wakati huo nilikuwa nafundisha kwa muda shule ya msingi huko Mbuba. Umeme nilikuwa nimeishi nao bwenini tu, miaka ya sekondari. Nyumbani hata mafuta ya taa yalikuwa yameadimika. Duka la ushirika lilifunguliwa asubuhi ili watu wajionee rafu tupu, kisha likafungwa. Kaka yangu alikuwa ameondoka na mgambo kwenda mpakani na hatukuwa na habari zake. Mama hakulizungumzia hilo. Lakini gari lolote likisikika barabarani aliacha alichokuwa akifanya mpaka lipite. Niliitaka ile kazi kuliko kitu chochote. Mshahara niliutaka, ndiyo, lakini zaidi nilitaka kutoka katika nyumba ile ya kusikiliza barabara.

Nilichagua kuchunguza kijiji kimoja cha Kirushya kwa sababu shangazi yangu aliishi huko. Kwa taratibu za siku zile, huwezi kuwauliza watu jambo bila kupitia kwa balozi wa nyumba kumi. Nikaenda kwake kwanza. Alikuwa mtu mchangamfu, na alifurahi kwamba nimefuata utaratibu.

"Sasa kwa nini uzunguke nyumba kwa nyumba, mwalimu? Utachoka bure. Nitawaita."

Akawaita, na wakaja na majembe yao, maana ilikuwa siku ya shamba la kijiji. Walisimama nje ya ghala la maharage. Balozi akapanda juu ya jiwe.

"Ndugu zangu, serikali inauliza kama tunataka umeme. Wanaotaka?"

Mikono yote ikapanda. Shangazi alikuwa amempakata mtoto wa jirani, akanyoosha mkono mmoja uliobaki.

"Wasiotaka?"

Mikono yote chini. Mwanamume mmoja akakohoa.

"Kikohozi si kura," balozi akasema, na watu wakacheka.

Nikauliza swali langu la pili. Kwa mwezi, kila nyumba ingekuwa tayari kulipa kiasi gani? Walinitazama kama niliyeuliza mvua inauzwaje.

"Mwalimu," mzee mmoja akasema, "bei huwa inapangwa. Sabuni imepangwa. Sukari imepangwa. Lini tuliambiwa tupange sisi?"

"Na tangu ipangwe hiyo sabuni, nani ameiona?" mama mmoja akadakia nyuma yake.

Walicheka tena, ila safari hii balozi hakucheka. Alinigeukia akasema, "Andika: bei itakayopangwa." Nikaandika.

Usiku ule nililala kwa shangazi. Tulipokuwa tukila, alinisogelea akaniambia, "Ule mkono wangu usiuandike."

"Kwa nini, shangazi?"

"Ule ulikuwa wa mkutano."

"Na wa nyumbani unasemaje?"

"Unasema hapana. Taa inaita ndege za mabomu. Wewe huoni hata padri misheni amezima mashine yake ya taa? Sisi ndio tuwashe?"

Kesho yake nilizunguka peke yangu, nyumba kwa nyumba, kama nilivyokusudia tangu mwanzo. Nilikuta hapana kila mahali. Wengine waliogopa ndege. Wengine waliogopa kitu kilichowaumiza zaidi, na hicho nilikipata kwa mzee yule yule aliyezungumza habari za bei. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kisha akauliza bila kunikaribisha kiti, "Umekuja kuhesabu milango?"

Nikamwambia sihesabu milango, nauliza habari za umeme tu.

"Wa kwanza naye alisema anauliza tu. Aliuliza milango mingapi, watoto wangapi, akaenda zake. Halafu likaja lori, tukashushwa hapa." Alinyoosha kidole juu mlimani. Kwa mbali migomba ilionekana, imesongwa na magugu, na katikati yake pengo palipokuwa na nyumba. "Ile ni yangu. Aliipanda baba yangu. Sasa nguzo zenu zikipita bondeni mtasema bondeni ndiko kuna maendeleo, tushuke tena. Mimi sishuki tena, mwanangu. Nitafia hapa hapa gizani."

Niliandika yote mawili katika ripoti: mkutanoni wote wanataka, nyumbani hakuna anayetaka, na chini yake nikaeleza sababu ya tofauti hiyo. Nilidhani hicho ndicho kilichotafutwa. Nilidhani mtafiti ni mtu wa kurudi mara ya pili.

Safari ya Mwanza ilikuwa mbaya. Mabasi mengi yalikuwa yamechukuliwa kubeba askari. Nilipata lori Kasulo hadi Biharamulo, nikalala kwa familia moja ya Kiislamu iliyonipa uji na mkeka bila kuniuliza dini yangu, kisha nikapanda gari la mahindi hadi kivukoni. Nilifika mjini nikiwa na vumbi masikioni. Madirisha ya ofisi niliyoelekezwa yalikuwa yamebandikwa karatasi nyeusi, na ndani taa ya dari ilikuwa inawaka mchana.

Wasaili walikuwa wawili, mwenyekiti mwenye mvi na kijana mchumi mwenye kalamu nyekundu. Mwenyekiti aliisoma ripoti yangu taratibu, akairudia ukurasa wa pili.

"Ndugu, sasa wanataka au hawataki?"

"Yote mawili, ndugu mwenyekiti."

"Jedwali letu halina safu ya yote mawili."

"Na bei?" kijana akauliza. "Naona umeandika bei itakayopangwa."

"Ndivyo walivyosema. Bei ni ya serikali."

"Lakini serikali ndiyo sisi. Sisi ndio tuliotaka waulizwe!"

Alisema hivyo akicheka, na hata mimi nilitabasamu. Mwenyekiti hakutabasamu. Alinisogezea karatasi yenye mistari. Vijiji vilikuwa vimepangwa upande mmoja, na upande wa pili kulikuwa na safu ya mahitaji. Kwenye kijiji nilichokichunguza safu hiyo ilikuwa wazi.

"Umesoma vizuri, na umefika huku wakati wenzako wawili wameshindwa njiani. Nakutaka. Andika hapo namba moja tu ya wanaotaka, ya mkutano au ya nyumbani, halafu tuzungumze habari za kuanza kazi."

Nilishika kalamu. Nikiandika ndiyo, nguzo zingepita bondeni, na yule mzee alikuwa ameshaniambia yatakayofuata. Nikiandika hapana, ni nani angekuja kuwauliza tena vita vikiisha na hofu ya ndege ikipita? Niliomba niandike maelezo pembeni.

"Hakuna nafasi ya maelezo."

Nilikaa na ile kalamu muda mrefu, mpaka mwenyekiti akatazama saa yake. Sitaki kujisifia kwa hilo, maana sikuwa nimeamua lolote. Mkono ulikataa tu. Mwishowe aliichukua karatasi taratibu, bila hasira, akasema, "Asante, ndugu. Mwite anayefuata."

Kijana mchumi alinitoa hadi mlangoni. "Dada, ungeandika chochote," aliniambia kwa sauti ya chini. "Safu iliyo wazi tunaisoma sifuri. Umewaandikia hapana na kazi umekosa."

Nilimshukuru. Sijui kwa nini nilimshukuru.

Nilifika nyumbani jua likizama. Mama alikuwa ameketi mlangoni na ungo wa maharage. Alisikia gari likisimama akanyanyuka, na alipoona ni mimi tu akakaa tena.

"Wamesemaje?"

"Nimekosa, mama."

Nilitegemea atafurahi kidogo. Tangu niombe ile kazi alikuwa akinung'unika kwamba mji utanimeza, kwamba mtoto wa kike hakai kwa watu asiowajua. Hakufurahi. Alirudisha macho kwenye ungo.

"Mimi nilikuwa naomba uipate," akasema. "Angalau mtoto wangu mmoja awe mahali ninapopajua."

Nilitaka kumweleza habari za ile safu, lakini niliona haitamsaidia kitu. Akaendelea kuchambua maharage, anatupa mabovu kushoto, mazima kulia. Giza lilikuwa limeshaingia na mafuta ya taa hatukuwa nayo. Nikaketi kando yake, nami nikaingiza mkono ungoni.