Bi Mwanamkasi, Mwamuzi wa Mazimwi

Mtaa mzima wa Makorora, mwaka ule wa hamsini na nne, hakukuwa na mtu aliyejua zimwi linaweza nini na haliwezi nini kama Bi Mwanamkasi. Anayebisha na aje anibishie mimi, maana nilikaa naye mkeka mmoja.

Kazi yake ilikuwa kusuka mikeka. Waume wawili walimwacha, ingawa mwenyewe alisema yeye ndiye aliyewaacha, na nani angethubutu kumuuliza mara ya pili? Alasiri, baada ya sala, tulikusanyika uani kwake kusuka ukili, na mikono ikichoka tukacheza mchezo alioutunga mwenyewe. Kifuu cha nazi ndicho zimwi. Komwe zetu, zile mbegu za kuchezea bao, ndizo sisi, wasafiri tunaotaka kuvuka mkeka hadi upande wa pili, na kete zinazorushwa ndizo zinazosema nani asogee na nani aliwe: ikilala chali ni heri, kifudifudi ni hola. Mwenye kifuu hutangaza kwanza nguvu za zimwi lake, mbele ya wote. Anayemezwa, komwe yake hufunikwa chini ya kifuu.

Ugomvi wote ulitoka kwenye hizo nguvu. Zimwi refu kuliko minazi, je, linamsikia mtu anayenong'ona penye unyayo wake? Lenye vichwa saba likilala, vinalala vyote? Bi Mwanamkasi huweka ukili chini, akafikiri, akakata shauri. "Ukubwa si masikio," alisema siku moja, na zimwi la jirani yetu Bibiana likapitwa na wasafiri watatu huku linatazama. Sheria yake kuu ilikuwa hii: nguvu iliyotajwa zimwi linayo, isiyotajwa halina.

Mastura, mke wa kaka yake, alikuja kila siku lakini hakucheza. Mwanawe wa kwanza alifariki akiwa na miezi mitatu, na tangu hapo ulikuwa unakwenda mwezi wa tano, anasuka ameinamisha kichwa, akisalimiwa anaitikia, basi. Bi Mwanamkasi alimpenda mno. "Huyu akinipotea hivi hivi naona," aliniambia, "sitajisamehe." Sisi wengine tuliogopa hata kucheka karibu naye.

Siku moja Mastura akanyoosha mkono, akakishika kifuu. Hatukuamini.

"Zimwi langu," akasema polepole, "likimeza halitemi."

Kete zikamwendea. Akammeza Bibiana, akammeza Sabiha, shoga yangu, mwishowe akanimeza mimi. Komwe zote tatu zikawa chini ya kifuu, na usoni mwa Mastura pakatokea kitu kama tabasamu.

Hapo Bibiana, mdomo wake usiojua kutulia, akasema, "Lakini tumemezwa tu, hatujafa! Zimwi likujualo halikuli likakwisha!"

"Methali si sheria," Bi Mwanamkasi akamkata.

Kisha akauweka ukili chini, na sote tukajua kwa nini. Bibiana alikuwa na haki. Mastura alisema halitemi, hakusema aliyemezwa anakufa. Na msafiri aliye hai tumboni hutoa kisu akapasua akatoka, kama katika hadithi zote tulizolelewa nazo.

Nilimkanyaga Bibiana mguu. Nikamtazama Bi Mwanamkasi, nikamwomba kwa macho: mpe, mwache ashinde leo tu. Nani angemlaumu?

"Wifi," akasema, "hukusema wanakufa. Wako hai. Watapasua tumbo."

Mastura akasimama. Nilimchukia Bi Mwanamkasi saa ile, wala sioni haya kusema. Nilijua Mastura anakwenda zake na uani hapa hatumwoni tena.

Hakwenda. Alishika kiuno.

"Wapasue kwa pumzi ipi?"

"Unasemaje, wifi?"

"Mwezi wa Mfunguo Tatu, mchezoni, Sabiha alizama mtoni. Ukaamua asiye na pumzi ana kete tatu za kujiokoa, zikipita hajatoka amekufa. Bibiana akakwambia mto haukutajiwa nguvu hiyo. Ukamjibu si nguvu ya mto, ni udhaifu wa binadamu. Haya, tumboni mwa zimwi langu hewa imeingilia wapi? Bibiana zimempita kete ngapi tangu nimmeze? Na Sabiha? Amua!"

Sauti yake ilifika barabarani. Na sisi tulidhani hasikii kitu! Miezi yote ile, kichwa kimeinama kwenye ukili, alikuwa ameshika kila hukumu.

Bi Mwanamkasi alihesabu kwa vidole kete zilizokwisha rushwa. "Bibiana amekufa," akasema. "Sabiha naye amekufa. Aliyebaki," akaninyooshea kidole mimi, "ana kete tatu za kutafuta kisu chake."

Nikarusha ya kwanza, hola. Ya pili, hola. Ya tatu ikabingirika mpaka ukingoni mwa mkeka, ikalala kifudifudi, nami nikafia tumboni mwa zimwi. Mastura akacheka mpaka akakaa chini, na Bi Mwanamkasi akalia mbele yetu sote, wala hakujifuta machozi.