Damu Safi ya Shangazi

Watu walimwita Sindano, na si kwa ajili ya cherehani tu: ulimi wake ulitoboa. Hata saratani ya ovari ilipomlaza na dripu za dawa zikamnyonyoa nywele zote, mteja aliyemuuliza, "Fundi, mbona kipara?" alijibiwa, "Nimebana matumizi ya kitambaa."

Kitu kimoja hakukifanyia mzaha. Siku ugonjwa ulipojulikana, shangazi yake alisimama sebuleni mbele ya ukoo, akamnyooshea kidole mama yake Sindano. "Tumbo la huyu ndilo bovu. Sisi damu yetu safi." Tangu hapo mama hakukanyaga shughuli ya ukoo. Alituma masufuria ya chakula, mwenyewe akabaki nyumbani.

Dawa zikamkubali Sindano kuliko walivyotarajia. Daktari akampima damu, akakuta jeni yenye kasoro ya kurithi.

"Seli zako za saratani hazina fundi wa viraka," akamweleza. "Dripu inazichana, zinashindwa kujishona. Sasa utameza vidonge vya kuzinyima hata uzi uliobaki. Siahidi kwamba haitarudi, ila tuna pa kuishikia."

"Na kasoro yenyewe nimeitoa kwa nani?"

"Kwa mmoja wa wazazi wako."

Baba alishafariki. Mama akapimwa: hana. Sindano alicheka mpaka muuguzi akachungulia mlangoni.

Hakumwambia mtu. Alisubiri siku shangazi atakapotaka gauni. Shangazi alikuwa na bega moja lililoshuka, na pamoja na mdomo wote ule, hakuna fundi mwingine aliyejua kulificha. Harusi ya binti yake ilipokaribia, akaja mwenyewe.

Siku ya kujaribu gauni, Sindano akampandisha juu ya stuli, akambana pini toka kwapani mpaka nyongani, nyingi kuliko haja.

"Usipumue sana, shangazi." Akafungua barua ya hospitali, akaisoma yote. "Mama hana. Imetoka kwa baba. Kaka yako, mwenye damu safi."

"Mwongo we!" Shangazi akageuka, pini zikamjibu. "Aii!"

"Bibi alikufa kwa ugonjwa gani?"

"Moyo."

"Moyo ulikuwa tumboni? Mama ndiye aliyemuuguza. Tumbo lilivimba maji, na wewe ukakataza lisitajwe."

Bega la pili nalo likashuka. Sindano akampigia mama, akaweka spika.

"Mwambie."

"Nitolee hizi pini kwanza."

"Nitakushonea humo humo."

Shangazi akaigeukia simu. "Wifi... ni kwetu. Ni kwa mama yangu. Nilijua."

Mama akasema, "Rudia, wifi. Taratibu." Alikuwa amesikia vizuri sana.

Akarudia. Sindano akaanza kuchomoa pini, moja moja, bila haraka yoyote. "Kesho nenda kapimwe. Ukiwa nayo, binti yako naye apimwe, kabla saratani haijamkuta kama ilivyonikuta."

"Na akiwa nayo?" Sauti ilikuwa ndogo, ya mtu mwingine kabisa.

Sindano alikuwa na jibu aliloliandaa miezi miwili. Aliona midomo ya shangazi ikitetemeka, na akalitoa vilevile.

"Utatuambia tumbo la nani bovu."

Ikabaki pini moja, ya kiunoni. Hiyo hakuigusa.

"Ulisema sebuleni, utasema sebuleni. Mama akiwa amekaa kiti cha mbele. Siku gani?"

"Jumamosi," shangazi akanong'ona.

"Asubuhi au jioni?"

"Asubuhi, mwanangu. Asubuhi!"

Ndipo akaichomoa.