Bana au Pana

Wilkista alichuma chai miaka kumi na minne katika shamba moja nje ya Kericho, mpaka mashine za kuchumia zilipoletwa na majina ya wanaoondoka yakasomwa kwenye kituo cha kupimia majani. Lake lilikuwa la sita. Wenzake walilia, yeye akabaki akitazama vifungo vya shati la karani. Baadaye akawa kedi, akibeba mifuko ya gofu kwenye kilabu jirani, na tangu siku ile ya majina kila kitu kilimfikia kama mtu anayeongea nyuma ya ukuta. Hata barua ya kumtaka aihame nyumba ya shamba kufikia mwisho wa mwezi aliisoma akaikunja, akaendelea kumenya viazi.

Mwezi huohuo kilabu kilitangaza kwamba mshindi wa mashindano ya siku ya makedi ataajiriwa kufundisha watoto gofu, na atapewa nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stoo. Wilkista akajiandikisha. Mfuko wake ukabebwa na Gibson, kedi mzee wa kutoka Roret, aliyezoea kumwita Mama Maxine.

Walifika shimo la mwisho yeye na kedi mwenzake Ombati wakiwa sawa. Ombati alikuwa ameshapiga, mpira wake umetulia salama kabla ya kijito kilichokata uwanja. Zamu ikawa ya Wilkista. Kushoto kulikuwa na chai, na mpira ukiingia humo umetoka nje ya uwanja, unarudia pale pale kwa adhabu. Fimbo ya mbao namba tatu ingeweza kuvuka kijito, ila ilikuwa na tabia ya kukimbilia kushoto. Fimbo namba tano haifiki mbali, lakini huenda moja kwa moja kama uzi.

"Huyu anachagua fimbo kama anachagua bwana!" kedi mmoja akapiga kelele.

"Bwana sikuchagua," Wilkista akajibu bila kugeuka. "Alijileta." Watu wakacheka.

Akamuuliza Gibson, "Mzee, tatu ama tano?"

"Pana," Gibson akasema.

Makedi wa pale wana maneno mawili. Bana, maana yake shika fupi, lenga, usitafute sifa. Pana, maana yake fungua mikono, tafuta umbali. Na Gibson, kama wazee wengi wa Kipsigis, herufi b humtoka kinywani ikiwa p. Kila mtu alijua. Ndiyo maana kila mtu humuuliza tena, "Ya ndogo ama ya kubwa?" naye hucheka na kuonyesha kwa vidole: vikifumbatwa ni bana, vikitawanyika ni pana.

Wilkista hakumuuliza. Mkono ukaenda kwenye namba tatu, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu.

Mpira ulipanda vizuri, ukaanza kupinda, ukaingia kwenye chai. Akarudia kwa namba tano, ukaenda katikati kabisa. Alishindwa kwa mapigo mawili.

Gibson alikuwa amesimama na vidole vimefumbatwa pamoja. "Nilisema pana, Mama Maxine! Pana, hivi!"

"Nilidhani ndiyo hiyo, Mzee."

"Sasa mbona hukuuliza?"

Wilkista akaipangusa namba tatu kwa kitambaa, akairudisha kwenye mfuko.

"Ngoja niende kwa nahodha wa kilabu," Gibson akasema, macho yamemlowa. "Nimwambie ni ulimi yangu."

Wilkista akamshika mkono wa koti. "Usiende. Ulimi yako haikupiga mpira."

Wenzake walimbeba Ombati mabegani, wakamzungusha, wakamshusha. Akaja kwa Wilkista akihema, funguo za nyumba mkononi, bila ubaya wowote.

"Pole sana, mama. Umenitoa jasho. Hebu niambie, hiyo nyumba iko na maji ndani ama ni ya kuchota?"

"Ya kuchota," Wilkista akasema. "Na dirisha ya jikoni haifungi."

"Umejuaje?"

Wilkista akainama kuuchukua mfuko wake. Jumapili, baada ya kanisa, alikuwa amekwenda kuyapima madirisha ya nyumba hiyo kwa ajili ya mapazia.