Kamba ya Ndama

Pale Mikumi, kwenye mafunzo yetu, mwalimu alitupanga wawili wawili tushikane mikono. Sisi ni watu wa tiba kwa michezo: aliyepooza kwa kiharusi tunacheza naye, tunaimba naye, tunarushiana naye mpira, hadi mwili uukumbuke mwendo wake. "Mshike mgonjwa mkono, umwongoze," alisema. "Na msisahau, kushika si kazi. Kazi ni kuachia." Nilifaulu vizuri sana, na sioni haya kusema.

Mgonjwa wangu wa kwanza akawa mama mkwe.

Wakwe zangu ni wafugaji waliotoka kanda ya ziwa, wanakaa karibu na Kidete. Kwao mkwe hamsogelei mama mkwe, sembuse kumshika mkono. Tangu nioe nilikuwa nikimwamkia kwa mbali, macho chini. Sasa kiharusi kilikuwa kimemkunja mkono wa kulia ukawa ngumi, naye akakataa kula na watu. Mkono wa kushoto, alisema, hauingii kwenye sahani ya wenzake wala haumpi mtu kitu. Akawa anakula ndani peke yake, anakonda. Mke wangu, aliyehamia huko kumuuguza, alikuwa akilia. Mimi nilikasirika: ujuzi ninao, mgonjwa ninaye, mila imekaa katikati!

Nikaomba kamba ya kufungia ndama.

Nilikaa kwenye kigoda upande mmoja wa ua, yeye kwenye kiti upande wa pili, mke wangu akampitishia kamba kwenye vidole vya ile ngumi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akavuta. Nikamwachia ashinde, naye akagundua. "Huyu ananidekeza," alimwambia binti yake, maana mimi hakuzoea kunisemesha. "Mwambie nimefuga ng'ombe kabla hajazaliwa. Avute!"

Nikavuta kwelikweli. Jirani alichungulia, akauliza kama tunagombea mahari.

Nilikwenda kila Jumamosi. Siku nyingine mke wangu alishika upande wangu. Nguvu zilirudi upesi, lakini mchezo ulipokwisha ngumi ilibaki imeng'ang'ania kamba, ikabidi mke wangu aibandue kidole kwa kidole. Nikaanza kuingiza "Achia, mama!" katikati ya wimbo wao wa kuswaga ng'ombe, ambao tulikuwa tukiuimba tukivuta. Shemeji zangu walinong'ona kwamba nimemfanya mama yao kichekesho. Niliwasikia, nikazidisha sauti. Haba na haba hujaza kibaba, na mimi kibaba changu nilikuwa nakiona.

Krismasi ikafika, mikeka ikatandikwa nje. Mama mkwe akatoka ndani, fimbo mkono wa kushoto, bakuli la maziwa mgando mkono wa kulia. Maziwa yalikuwa yakimwagika njia nzima. Akafika kwenye kigoda kilichokuwa mbele yangu, akageuza uso pembeni kama heshima inavyotaka, akaliweka bakuli.

Vidole havikutoka.

Mke wangu akainuka kwenda kumsaidia; nikamkonyeza akae. Neno lilikuwa limenifika kooni, nikalimeza. Mama mkwe akauangalia mkono wake kama anavyomwangalia ndama mkaidi.

"Achia," akauambia, kwa sauti ndogo.

Ukaachia.

Nilikunywa maziwa yaliyobaki, macho chini, kifua kimenijaa fahari. Nyuma ya bakuli nikamsikia akiketi mkekani kati ya wanawe, akiomba maji anawe mkono wa kulia.