Mwiba Usiokuwa na Kisanduku

Kazi yangu ni kusoma picha za ndani ya miili ya watu, katika hospitali moja ya binafsi hapa kisiwani Mombasa. Kwa miaka mingi nilikuwa nikiitazama picha, kisha naeleza kwa maneno yangu nilichokiona. Siku hizi nabofya visanduku.

Mfumo huu mpya wa ripoti uliletwa baada ya madaktari wa wodini kulalamika, na sikatai kwamba walikuwa na haki. Daktari wetu wa upasuaji, mtu wa bara, mpole na mcheshi, alizoea kuniambia, "Daktari, ripoti zako ni kama barua za posa. Salamu ukurasa mzima, ndipo mtu ajue anaposwa nani." Basi kompyuta zikatiwa fomu: ya kifua, ya kichwa, ya tumbo, kila kiungo na kisanduku chake. Ukimaliza kubofya, mashine yenyewe huandika muhtasari na kuuweka juu kabisa kwa herufi nzito. Jambo ambalo fomu haikulifikiria mimi huliandika chini, katika kijisehemu kiitwacho "Mengineyo".

Nilinung'unika tangu siku ya kwanza. Nikaambiwa nitazoea.

Asubuhi moja akaletwa hamali wa soko la Marikiti, mwanamume wa makamo, amejikunja, tumbo lamuuma chini upande wa kulia. Daktari wa upasuaji alishuku kidole tumbo, akaagiza skani. Nilipoifungua picha, kidole tumbo nilikiona wazi, chembamba, salama kabisa. Lakini karibu yake, kwenye utumbo mdogo, palikuwa na kijistari cheupe, chembamba kama sindano, kimetokeza nje ya ukuta wa utumbo, na pande zote pamevimba. Nilikijua mara moja. Ulikuwa mwiba wa samaki.

Fomu iliyofunguka ilikuwa ya kidole tumbo, maana ndicho kilichoulizwa, na sikuweza kuibadilisha. Kimeonekana? Ndiyo. Kimevimba? Hapana. Kina usaha? Hapana. Nilikuwa natazama mtu aliyetobolewa utumbo huku najibu maswali ya kitu kisichomuuma. Nilipofika "Mengineyo" nikaandika kwamba kuna mwiba, umetoboa, apasuliwe leo. Nikampigia daktari simu; alikuwa chumba cha upasuaji. Nikamwachia muuguzi ujumbe, nikarudi kwa wagonjwa waliojaa nje.

Adhuhuri natoka kwenda kuswali, nikamkuta yule hamali ameegemea ukuta karibu na dirisha la dawa, jasho lamtiririka. Mkewe, mwenye buibui, akaniona na koti langu jeupe, akanisogelea.

"Asalaam aleikum, daktari. Samahani kukusumbua. Mume wangu ameambiwa hana kitu, turudi zetu Majengo. Mbona basi yuwashindwa hata kusimama?"

"Wa aleikum salaam, dadangu. Nani amekwambia hana kitu?"

"Karatasi ndiyo isemayo."

Akanipa. Ilikuwa ripoti yangu. Juu, kwa herufi nzito: HAKUNA UGONJWA WA KIDOLE TUMBO. Sentensi yangu ya mwiba ilikuwa ukurasa wa pili, chini kabisa.

Nikamwambia asimwache mumewe aondoke, wala asimpe chakula wala maji. Nikapanda ngazi mbiombio, nikamkuta daktari wa upasuaji ukumbini, kikombe cha chai mkononi.

"Umemruhusu mtu mwenye tundu kwenye utumbo!"

"Tundu gani? Ripoti yako inasema hana kidole tumbo."

"Ndiyo, hana kidole tumbo. Ana mwiba wa samaki."

"Mbona basi hukuniandikia?"

Nikamfunulia ukurasa wa pili. Akasoma, uso ukambadilika. Akakiweka kikombe dirishani.

"Nimetoka kupasua, ujumbe wako haujanifikia, wengine wananingoja," alisema taratibu. "Nimesoma pale juu."

Mfumo uliletwa ili watu wasome pale juu.

Alasiri ileile alimpasua. Mwiba aliniletea ndani ya kichupa, mwembamba, umechongoka pande zote mbili. Hamali alipopata nguvu za kuzungumza alicheka huku amejishika tumbo. "Mimi samaki ndio chakula changu," alisema. "Sijui huyu alikuwa wa lini." Akapona, akarudi kwao.

Kukaitwa mkutano. Niliomba jambo moja tu: nafasi pale juu ya kuandika kwa maneno yangu mwenyewe. Mtaalamu wa kompyuta aliitikia kwa kichwa kwa adabu, akaandika, akasema, "Tutalishughulikia, daktari."

Siku chache baadaye nilifungua fomu ya tumbo nikakuta kisanduku kipya. "Mwiba wa samaki: Upo / Haupo." Usipojibu, ripoti haifungiki.

Nilitamani kuipiga kompyuta kofi. Tangu hapo nimejibu "Haupo" kwa wenye mawe ya figo, kwa wazee wenye maradhi ya kibofu, na kwa mtoto mchanga ambaye hajaonja kitu ila maziwa ya mamake. Nililalamika tena. Nikaambiwa wenzangu wameridhika.

Daktari wa upasuaji siku hizi hunipigia yeye kabla ya kumruhusu mtu. "Niambie kwa mdomo," husema, nami humwambia yote, kwa urefu niutakao, naye husikiliza mpaka mwisho. Barua za posa hazitaji tena. Tukimaliza nairudia fomu, najibu inachouliza, kiungo baada ya kiungo, hasira zimenikaba.