Maji Yaliyokataa Kufika Mia

Mimi ni mtu wa shaka tangu utoto. Nikifunga mlango narudi kuusukuma. Nikisifiwa nageuka kutazama kama kuna mtu nyuma yangu anayesifiwa. Tabia hiyo iliwachosha ndugu zangu kule Mbeya, lakini ilinifaa nilipokuwa mwalimu wa fizikia katika shule ya bweni, mlimani juu ya Kihesa, Iringa, miaka ile ya hamsini.

Kazi yenyewe haikuwa kufundisha tu. Mwalimu wa fizikia ndiye aliyeshika funguo za maabara. Ndiye aliyeitwa kengele ikikwama, au redio ya mwalimu mkuu ikianza kukoroma. Zaidi ya yote, ndiye aliyetakiwa kuwazoeza vijana kuandika wanachokiona kwa macho yao, wapende wasipende. Hilo la mwisho ndilo lililonitoa jasho.

Siku moja darasa la kumi walichemsha maji na kutumbukiza vipimajoto. Zebaki ilipanda vizuri, ikafika tisini na tano, ikasimama. Maji yalitokota, mvuke ukajaa chumba kizima, zebaki haikusogea. Nilipokusanya kazi zao nikakuta wote, isipokuwa mmoja, wameandika mia. Niliwaka.

"Nani ameiona mia humu ndani? Anyooshe mkono!"

Hakunyoosha mtu. Kisha akasimama kijana mmoja mrefu kutoka Ubena, mtoto wa mama mjane, na kwa fizikia hakuna aliyemfikia pale shuleni. Yeye peke yake alikuwa ameandika tisini na tano.

"Mwalimu, usiwakasirikie. Kitabu kinasema mia. Wenzangu wamekuonea haya, hawakutaka kuandika kwamba vyombo vyako ni vibovu. Lakini ndivyo vilivyo. Vizima vimekwenda kwa Wazungu, sisi tumeletewa makombo."

Heshima ya kwetu hiyo. Mtu hamwaibishi mwenyeji kwa kutaja kwamba chungu chake kina ufa. Karibu darasa zima lilikuwa limedanganya kwa adabu njema, na mimi nilikuwa nimewafokea.

Nikawaeleza. Huku kwetu juu hewa ni nyepesi, haiyakandamizi maji kama inavyoyakandamiza kule pwani, kwa hiyo yanachemka mapema. Wakanisikiliza kwa utulivu ambao sikuupenda.

"Hayo umeyapata wapi, mwalimu?" kijana akauliza.

"Kitabuni."

"Kitabu kimeandikwa na nani?"

Wakacheka.

Kufika jioni, mwalimu mkuu alikwisha pata habari. Sijui ni nani aliyempelekea. Nilimshuku kila mtu, hata mpishi. Mwalimu mkuu alikuwa Mwingereza, na siku hizo Waingereza walinusa siasa hata kwenye uji. Akatoa amri: kabla muhula haujafungwa, kijana aombe radhi kwa maneno yake, mstarini mbele ya shule nzima, tena kwa Kiswahili, ili wapishi na watumishi nao wasikie. La sivyo, afungashe virago na asirudi.

"Nikionyeshwa kwamba nimesingizia, nitaomba radhi," kijana aliniambia. "Nisipoonyeshwa, nitakwenda kulima na mama."

Nilimjua vya kutosha. Angekwenda kweli. Mama yake alikuwa anashika jembe peke yake ili huyu ashike kalamu, naye angemrudia mikono mitupu kwa sababu ya kijiti cha kioo.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba shaka ilikuwa imeniingia na mimi. Habari za hewa nyepesi nilifundishwa chuoni Uganda, nako maji hayakufika mia. Nilielezwa sababu, nikaikubali, kama nilivyokubali mambo mengi. Sikuwa nimewahi kuchemsha maji mahali pa chini nikaona kwa macho yangu. Mimi, ninayerudi kusukuma mlango!

Basi nikapanda gari la Mbeya, kutafuta kipimajoto cha Wazungu. Dada yangu wa Ilomba alinipokea na vumbi langu lote, akanisikiliza hadi mwisho.

"Umesafiri kutwa nzima kufuata kipimajoto?" akasema. "Wewe umerogwa." Akanipa maji ya kuoga.

Nje kabisa ya mji kulikuwa na shule ndogo ya watoto wa masetla. Mwalimu wao wa sayansi, mzee wa Kizungu mpole, alinipa chai barazani, si ndani, kisha akachemsha maji mbele yangu. Nilikodoa macho. Zebaki ya Wazungu ikasimama chini kidogo ya tisini na tano! Nilicheka kwa sauti hata mzee akashtuka. Akaniazima kipimajoto chake bila maneno mengi.

Tulipokwenda stoo kuchukua kasha lake, nikaona vyombo vipya vinang'aa kwenye rafu. Chini, karibu na mlango, palikuwa na sanduku la mizani iliyopinda, sumaku zilizokwisha nguvu na lenzi zenye nyufa. Nikauliza vinakwenda wapi.

"Hivyo ni vyenu," akajibu kwa furaha. "Vinasubiri gari la Iringa."

Nilirudi na kipimajoto kifuani na picha ya sanduku lile kichwani mwangu. Darasani kikasoma tisini na tano, sawasawa na vyetu. Nilidhani nimemaliza kazi.

"Ulikuwepo Mzungu huyo alipokuwa anakichagua cha kukuonyesha?" kijana akauliza.

Nilitaka kumzaba kofi. Lakini ni mimi niliyemfundisha kuuliza.

Njia iliyobaki ilikuwa kuteremka: kama vipimajoto ni vizima, bondeni kwenye hewa nzito vingepita tisini na tano. Mfanyabiashara mmoja wa mjini, Mwislamu mwenye asili ya pwani, alikuwa na lori linalokwenda Morogoro.

"Mnakwenda bondeni kufanya nini, mwalimu?"

"Kuchemsha maji."

"Na Iringa maji yamekwisha?" Akanitazama kama mtu aliyekwisha jua kwamba nimegundua madini. Hata hivyo alitupakia, mimi na kijana, juu ya magunia ya mahindi. Tukapita Ilula, tukateremka mlima wa Kitonga kona baada ya kona, joto likapanda hata tukavua masweta.

Chini karibu na mto tukashuka, tukawasha jiko la mafuta ya taa. Vyombo vyote alivishika kijana. Mimi sikugusa kitu. Akatumbukiza kipimajoto chetu na cha Mbeya pamoja. Zebaki zikapita tisini na tano. Zikaenda hadi karibu tisini na nane, zote mbili, ndipo zikatulia.

Kijana alichuchumaa pale, mvuke ukimpiga usoni.

"Basi nilikosea," akasema polepole. "Kumbe wanatuletea vizima."

Hapo ningeweza kunyamaza. Angeomba radhi vizuri, angemaliza masomo, mama yake angefurahi. Lakini alikuwa ameandika tisini na tano wakati wenzake wote wameandika mia. Nikamweleza habari za sanduku la stoo, na jibu nililopewa. Akavifunga vipimajoto vyote viwili ndani ya sweta lake, akavipakata hadi Iringa.

Siku ya kuomba radhi nilisimama nyuma ya mwalimu mkuu. Kijana akatoka mbele, nguo zimepigwa pasi, akasimama wima.

"Nilisema kipimajoto cha shule yetu ni kibovu," akasema kwa sauti iliyowafikia wapishi. "Nimekipima mwenyewe, huku juu na kule bondeni. Nilikisingizia. Naomba radhi kwa kipimajoto."

Akainama kidogo, akarudi mstarini; habari za makombo hakuzigusa.

Hakuna aliyecheka. Wanafunzi walitazama mbele kwa adabu ileile waliyonionyesha siku ya mia. Mwalimu mkuu alikunja uso. Kiswahili chake kilikuwa cha kuagizia chai. Akanigeukia na kunitazama machoni.

"Ameomba radhi?" akaniuliza.

"Ameomba, bwana," nikamjibu. "Nimesikia kwa masikio yangu."