Vitambaa vya Viti na Nepi za Gunia

Mama wa Kizungu aliyekuja kutufundisha bajeti ya nepi hakuwa amewahi kufua nepi hata moja. Nililijua hilo kwa kutazama mikono yake. Alikuja kila Alhamisi kwenye ukumbi wa landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, pale Nakuru, akasimama mbele yetu wake wa makuli, wa mafayamani na wa makarani, akaandika ubaoni: nepi dazeni mbili kwa mtoto mchanga, dazeni nyingine akifikisha miezi sita, ndoo mbili zenye vifuniko, na siku moja katika wiki ya kuchemsha zote. Mtoto wake mwenyewe alikuwa nje kwenye ngazi, akibadilishwa nguo na yaya. Mkalimani alitafsiri kila neno kwa sauti ya mhubiri, nasi tukaitikia "ndiyo" kwa pamoja. Mimi pia niliitikia.

Nilikuwa na mimba ya miezi saba, ya kwanza. Mume wangu alikuwa fayamani, yaani aliangalia moto wa injini kutoka Nakuru hadi Timboroa na kurudi. Alifika nyumbani mweusi kwa moshi na mafuta, na labda ndiyo sababu alitaka kila kitu ndani ya nyumba kiwe cheupe. Mimi nilipaswa kuuleta huo weupe, na sabuni ilikuwa ya kuombwa.

Mwezi ule alipata pesa kidogo za ziada kwa kufanya kazi sikukuu. Nilidhani atanunua nepi. Alileta yadi sita za popilini nyeupe na nyuzi za rangi, akasema nitengeneze vitambaa vya viti. Tulikuwa na viti vinne vya mbao vilivyotengenezwa na fundi wa Subukia, na katika landi yetu kiti kisicho na kitambaa kilikuwa aibu sawa na mtu kutoka nje bila suruali. Kila kiti kilitaka kitambaa cha mgongo na cha kukalia. Nikatarizi mawaridi, maua ambayo nilikuwa nimeyaona tu juu ya ua wa bustani za wazungu, na kwenye kila kitambaa cha mgongo nikaandika KARIBU MGENI. Mara nne, kana kwamba mgeni akihamia kiti cha pili atakuwa amesahau. Nilishona wiki nyingi, mtoto akinipiga mateke tumboni, na nilijivunia kazi ile. Nasema hivi ili msidhani upumbavu ulikuwa wa mume wangu peke yake.

Nilipomwuliza kuhusu nepi, alisema dazeni moja dukani ingekula karibu nusu ya mshahara wake, na kwamba mama yake alilea watoto tisa bila hiyo bajeti ya wazungu. Mama yake aliwalea kwenye kiambo chenye jua, nyasi na shangazi sita. Mimi nilikuwa na chumba kimoja, jiko la makaa, na bomba la maji nililochangia na nyumba kumi. Lakini yeye alikuwa ameshamaliza kuzungumza, na kila alipomaliza alivuta kofia yake mbele.

Basi nikaenda sokoni. Kulikuwa na mama mmoja aliyetoka Bahati, akiuza mifuko ya pamba iliyokwisha kutolewa unga kinuni. Nilinunua minne, nikaipasua na kukata kila mmoja vipande viwili. Nikapata nepi nane. Zilikuwa na maandishi ya buluu ya kinu na uzito wa unga kwa ratili, na maandishi yale hayakutoka kwa sabuni wala kwa kuchemshwa. Nilipotaka mifuko mingine, mahali pa yule mama palikuwa patupu. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari, watu wa upande ule walikuwa wakipakiwa kwenye malori, na hakuna aliyeuliza kwa sauti. Bajeti yangu ikabaki nane.

Mtoto alizaliwa msichana, mzito, mwenye hasira. Nane zilinitosha wakati wa kiangazi. Nilizifua alfajiri, zikakauka kabla chai haijapoa, na binti yangu akazunguka landi mgongoni kwangu akiwa na ratili hamsini zimeandikwa matakoni.

Jirani yetu wa ukutani alikuwa mke wa karani. Naye alijifungua mwezi ule ule. Kila asubuhi saa mbili alitoka na beseni, akaanika nepi kumi na mbili za dukani, nyeupe pe, zimenyooka kwenye kamba pini kwa pini. Kisha alisimama kidogo, mikono kiunoni, kuhakikisha watu wameona. Nilimdharau. Nilidharau hata beseni lake. Jioni alizianua moja moja akizikunja kama hati za serikali.

Siku mume wangu alipoona kamba hizo mbili sambamba, kumi na mbili nyeupe na nane zenye maandishi ya kinu, alivuta kofia.

"Hizi gunia zitolewe hapo," akasema.

"Nizipeleke wapi?"

"Ndani. Karani anapita hapa kila siku. Unataka aseme mtoto wangu anavalishwa mifuko ya unga?"

"Lakini anavalishwa mifuko ya unga."

"Hiyo ni siri ya nyumba," akasema, akaenda kuoga.

Nilipaswa kukataa siku ile. Sikukataa. Nilizianua, nikaanza kuzianika ndani, juu ya kamba niliyoifunga kutoka dirishani hadi kwenye msumari wa kalenda. Halafu mvua ikaanza kushuka kutoka upande wa Bahati, siku baada ya siku, na chumba kikawa na harufu ya ukungu. Nepi hazikukauka. Nilizining'iniza juu ya jiko, nyingine nikazitandaza chini ya godoro ili joto letu lizikaushe. Mume wangu, mwenye nyumba, alilala juu ya magunia yake mwezi mzima bila kujua, akaamka kila asubuhi na uso wa mtu mwenye nepi nyeupe.

Mtoto alianza na wekundu. Nikapaka mafuta. Wekundu ukawa malengelenge, malengelenge yakapasuka, ikawa kila nikimfungua analia kabla sijamgusa. Aliacha kunyonya vizuri. Alipopata homa nilimfunga mgongoni, nikaenda dispensari.

Dresa, mganga msaidizi wa pale, alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimlaza mtoto juu ya meza, akaishika nepi kwa vidole viwili, akaikamua. Tone la maji likaanguka sakafuni.

"Mama, hii si ugonjwa," akasema. "Hii ni nguo mbichi. Unaanikanga wapi?"

"Ndani."

"Kwa nini ndani?"

Nikainama kumfunika mtoto, maana jibu langu halikuwa la mtu mzima kulisema mbele ya mtu mzima mwenzake.

"Sikia. Hii vidonda ikiingia uchafu, dawa yangu haiwezi. Nitakuandikia barua uende hospitali kubwa, na huko mimi sijui watakuambia nini. Mtoto akae kwa nguo kavu. Kavu kabisa. Kuanzia leo."

Nilirudi kwenye matope nikimsikia mtoto akipumua kwa haraka mgongoni. Niliingia ndani, nikakaa kitandani kwa sababu kwenye viti hatukukaa, vilikuwa vya wageni. Nepi zote nane zilikuwa mbichi. Nikatafuta kwa macho kitu kikavu chumbani mle. Shuka ilikuwa na unyevu, kanga zangu zilikuwa na unyevu. Na mbele yangu vilikaa viti vinne, vimevaa popilini safi, kavu, iliyopigwa pasi, kila kimoja kikimkaribisha mgeni.

Nilicheka peke yangu, kicheko kibaya. Viti vilikuwa na nepi, na mtoto alikuwa na gunia.

Nilimvua, nikamkausha, nikampaka dawa ya dresa, nikamfunga kitambaa cha kukalia cha kiti cha kwanza, waridi likiwa kwa nje. Alilala. Alikuwa hajalala mchana kwa siku nne. Kufika jioni nilikuwa nimetumia vitambaa vitano, na kesho yake mvua ilipopumzika nikafua vyote, vitambaa na magunia, nikaanika nje kwenye kamba, mahali ambapo karani anapita.

Mume wangu alirudi safari siku ya Jumamosi. Kwenye kamba yake mawaridi yalikuwa na madoa ya manjano, na KARIBU MGENI ilikuwa ikipepea katikati ya mifuko ya unga. Alisimama pale na sanduku lake la chakula mkononi.

"Wazee wa kanisa wanakuja kesho," akasema, polepole.

"Najua."

"Watakalia nini?"

"Viti."

"Watu watasema nini, mama?"

"Dresa alishasema. Alisema mtoto anaweza kufa. Ukitaka kitambaa chochote hapo, nenda umvue wewe mwenyewe."

Aliingia ndani. Nilimwona akiinama juu ya kitanda, akifungua nepi kwa ile mikono yake ya mafuta, akatazama. Alipotoka hakuvuta kofia, na hakuniomba msamaha pia. Hakuwa mtu wa hivyo, na sikumngoja awe.

Wazee walikuja. Walikalia mbao tupu, wakanywa chai, wakala mkate wangu wote, wakabishana kuhusu mabati ya paa la kanisa. Hakuna hata mmoja aliyetazama mgongo wa kiti chake. Miezi ile yote nilidhani kuna macho yanayotuhesabia vitambaa, kumbe waheshimiwa wale walikuwa wakitafuta sukari tu.

Siku chache baadaye wingu lilipasuka ghafla, na jirani alikuwa ameenda dukani. Nikatoka kuanua nguo zangu, nikaanua na zake, maana hata dharau ina adabu yake. Nilipozishika nikashangaa. Zilikuwa ngumu kwa wanga wa dukani. Mistari ya kukunjwa ya kiwandani ilikuwa bado ipo. Nepi kumi na mbili, zikianikwa kila siku kwa miezi minne, na hazikuwahi kuguswa na mtoto. Nikakumbuka kilio nilichokisikia mara nyingi ukutani, kilio cha kabla ya kuguswa. Nilikuwa nimekisikia na kufurahi kwamba na kwake pia kuna shida.

Alikuja kuzichukua, mvua ikimtiririka usoni. Alinitazama, akajua kwamba nimejua.

"Bwana yangu alisema hizi ni za kuonekana," akasema kwa sauti ndogo. "Mtoto anavaanga matambara. Nakausha chini ya kitanda."

Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia. Nilikuwa nimeyaweka tayari tangu siku ya kwanza aliposimama na mikono kiunoni. Lakini nilimwingiza ndani, nikamfungua binti yangu mbele yake, nikamwonyesha ngozi mpya, ya waridi, iliyoanza kufunika vidonda.

"Ya wako ikoje?" nikamwuliza.

Alishika kona ya kitambaa cha kiti, akasoma maandishi, akapitisha kidole juu ya doa.

"Hii inatokanga kwa sabuni?"

"Haitoki," nikamwambia. "Ikae tu."

Usiku ule mtoto wa upande wa pili hakulia. Asubuhi saa mbili jirani alitoka na beseni lake, akaanika nepi kumi na mbili, pini kwa pini. Saba zilikuwa na madoa. Hakusimama kuangalia nani ameona. Aliinua beseni, akarudi ndani haraka, maana mtoto alikuwa ameamka.